Kuhama na Kuhamishwa: Historia ya Uhamisho wa Mwanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa Kuitazama Kajiado na Kitengela

Utangulizi

Shabaha ya makala haya ni kuchunguza historia ya jambo moja katika elimu ya juu ya Kenya, nalo ni ombi la mwanafunzi aliyekwisha kupata nafasi katika chuo kimoja, ambaye anataka kuhamia chuo kikuu kingine chenye nafasi chache zinazogombewa na wengi. Jambo hili limezoeleka kutazamwa kama shughuli ya ofisi tu: ombi hupelekwa, ada hulipwa, jibu hungojewa. Lakini kila utaratibu wa ofisi una historia yake, na ndani ya historia hiyo mna fikra fulani juu ya elimu ni nini na mwanafunzi apimwe kwa nini.

Hoja ya makala haya ni kwamba katika Kenya, tangu enzi ya ukoloni hadi leo, mwanafunzi anayetaka kuhama amepimwa hasa kwa mtihani alioufanya kabla ya kuingia chuo cha kwanza, wala si kwa kazi aliyoifanya baada ya kuingia. Kwa hiyo kile kinachoitwa uhamisho si safari ya kutoka mahali kwenda mahali. Ni kurudishwa kwenye mlango ule ule na kuulizwa swali lile lile. Hoja hiyo itaelezwa kwa kuitazama Kajiado, pamoja na mji wa Kitengela ulio kaskazini yake, kwa sababu mahali hapo historia ya kuhama na historia ya kusoma zimeshikamana zaidi kuliko kwingi katika Kenya.

Neno lenyewe

Yafaa kuanza na neno, maana wanaolitumia aghalabu hawalitazami. Kitenzi *hama* huweza kusimama bila yambwa. Anayehama huondoka mwenyewe, kwa nia yake au kwa kulazimishwa na hali, kama mfugaji anavyohama kwa ajili ya malisho. Kitenzi hicho kikipewa kiambishi cha kutendea huwa *hamia*, na hapo mahali anapokwenda mtu huingia katika sentensi. Kikipewa kiambishi cha kusababisha huwa *hamisha*, na hapo huingia mtu wa pili, mwenye uwezo wa kumwondoa mwenziwe alipo na kumweka kwingine. Nomino *uhamisho* imetokana na umbo hili la tatu. Kwa sababu hiyo, hata pale ambapo sentensi haimtaji mhamishaji, yumo ndani ya neno.

Mwalimu wa shule hupewa uhamisho na mwajiri wake. Mtumishi wa serikali vivyo hivyo. Mwanafunzi wa chuo naye husema kwamba anaomba uhamisho. Anayetamka hivyo amekwisha kukiri, kwa sarufi ya lugha yake, kwamba uwezo wa kumwondoa hauko mikononi mwake. Msemaji anaweza kudhani kwamba ametaja jambo moja kwa maneno mawili, ilhali kuhama na uhamisho ni mambo mawili, na tofauti yao ndiyo habari inayosimuliwa hapa.

Katika nchi ya Wamaasai tofauti hiyo si ya vitabu vya sarufi peke yake. Kwa mkataba wa mwaka 1904, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa, ikawagawanya katika hifadhi mbili, moja Laikipia upande wa kaskazini na nyingine upande wa kusini. Mkataba wa pili, wa mwaka 1911, uliwaondoa wale wa Laikipia pia, wakapelekwa kusini. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani kudai kwamba mkataba wa kwanza umevunjwa. Dai lao lilitupwa kwa hoja kwamba mkataba huo ulikuwa ni wa dola na dola, na kwa hiyo haukuwa jambo la mahakama ile kuuamua. Watu waliokuwa wakihama kwa kufuata mvua walihamishwa kwa karatasi, na walipotaka kuhojiana na karatasi hiyo hawakuona pa kuipeleka. Kajiado ya leo imo ndani ya ile hifadhi ya kusini.

Shule ya Kajiado na mlango wa nje

Jina la Kajiado limetokana na maneno ya Kimaa yenye maana ya mto mrefu, na umbo lake la asili limehifadhiwa katika jina la Shule ya Upili ya Olkejuado. Mji wenyewe ulikua kando ya reli iliyojengwa kutoka Konza hadi Magadi kwa ajili ya kusafirisha magadi ya ziwani. Katika miaka ya 1920 serikali ilifungua shule za Wamaasai katika Narok na Kajiado. Watoto wa kwanza wa shule hizo hawakuja wote kwa hiari. Machifu na wazee walitakiwa kutoa idadi fulani ya wavulana, na wazazi wengi waliliona jambo hilo kuwa ni kunyang'anywa mtoto pamoja na mchungaji wa mifugo. Kwa hiyo, katika kizazi cha kwanza cha wasomi wa Kajiado, hata kuingia shuleni kulikuwa ni kuhamishwa.

Kilichofuata ni muhimu zaidi kwa hoja hii. Shule hizo zilikuwa za madarasa ya chini. Mwanafunzi aliyetaka kuendelea alilazimika kutoka katika hifadhi na kwenda kugombea nafasi katika shule chache za Waafrika zilizokuwa na masomo ya sekondari, kama vile Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Safari hiyo iliamuliwa na mtihani wa mwisho wa darasa alilomaliza. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka minne au mitano angeweza kuandika barua ya kumsifu, lakini barua haikumfungulia mlango aliyeshindwa mtihani. Hali hii iliwahusu Waafrika wote wa Kenya. Hata hivyo, iliwalemea zaidi watoto wa nchi za wafugaji, ambako shule zilikuwa chache, zilichelewa kufunguliwa, na watoto walisoma kwa kukatizwa na majukumu ya mifugo na misimu ya ukame. Mtihani ulikuwa mmoja, lakini njia za kuufikia hazikuwa sawa.

Baada ya uhuru utaratibu huo ulipanuka bila kubadilika msingi wake. Katika mfumo wa miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, na mitatu ya chuo kikuu, kila daraja lilikuwa na mtihani wake wa kuchuja. Shule za harambee, zilizojengwa kwa michango ya wananchi, zilienea upesi hata zikawa nyingi kuliko za serikali kufikia katikati ya miaka ya 1970. Lakini nyingi kati yao hazikuwa na kidato cha tano. Mwanafunzi wa shule ya harambee aliyetaka kufika chuo kikuu hakuwa na budi kuhamia shule ya serikali baada ya kidato cha nne, na mtihani wa kidato cha nne ndio uliosema kama atahama au hatahama.

Kutoka London hadi Nairobi

Msingi wa utaratibu huu katika elimu ya juu uliwekwa nje ya Afrika Mashariki. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilitoa stashahada zake yenyewe kwa miaka mingi, lakini stashahada hizo hazikuhesabiwa kuwa sawa na shahada. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere na kupata stashahada ya ualimu. Kisha alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 alisoma kwa miaka mitatu, hadi mwaka 1952, ndipo akapata shahada. Leo mfano wake hutajwa kwa fahari, na ni haki kutajwa hivyo. Lakini pia ni mfano wa mtu aliyekuwa na elimu ya chuo, naye akaanza shahada kama mtu anayeingia chuo kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, nayo ikaanza kuwatayarisha wanafunzi kwa shahada za London. Nairobi ilifuata njia iyo hiyo. Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, kilipandishwa daraja mwaka 1961, kikaitwa Chuo cha Kifalme cha Nairobi na kuingia katika uhusiano na London. London ilidai jambo moja kubwa, nalo ni kwamba sifa za kuingia ziwe sawa kila mahali. Dai hilo lilikuwa na faida yake: liliwakinga wasomi wa Kiafrika na dharau ya wale waliosema kwamba shahada zao ni hafifu. Lakini lilikuwa na gharama yake pia. Sifa za kuingia zikawa kitu kitakatifu, na kazi iliyofanywa katika chuo kisicho na uhusiano huo ikawa kama haikufanywa.

Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Hapa palikuwa na nafasi ya kujenga desturi nyingine, maana masomo yaligawanywa: udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi na utabibu wa mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mkenya aliyetaka kusomea sheria alivuka mpaka kwenda Dar es Salaam, na Mtanzania aliyetaka uhandisi alikuja Nairobi. Kwa miaka saba, kuhama kwa ajili ya kusoma kulikuwa ni sehemu ya maisha ya kawaida ya chuo kikuu. Hata hivyo yafaa kuangalia kwamba kuhama huko kulipangwa mwanzoni, wakati wa kuingia. Mwanafunzi alipelekwa kwenye kitivo chake kwa mujibu wa matokeo ya kidato cha sita, akakaa humo hadi mwisho. Chuo hicho kilipovunjwa mwaka 1970, na kila nchi ikajitwalia chuo kikuu chake, mipaka ya nchi ikawa ni mipaka ya wanafunzi pia. Kilichobaki katika mikono ya kila nchi ni ile sehemu ya urithi iliyokuwa imara kuliko zote: mtihani wa kuingilia.

Njia nyingine mbili

Ingekuwa kosa kufikiri kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mbili zapaswa kutajwa, kwani zote mbili zilijulikana vizuri katika Afrika Mashariki.

Ya kwanza ni ya Marekani. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya iliwachukua vijana 81 kwenda Marekani, na kufikia mwaka 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa mpango huo. Wengi wao hawakuwa na kidato cha sita, na kwa kipimo cha London wasingeweza kukubaliwa popote. Vyuo vya Marekani viliwapokea kwa sababu katika nchi hiyo masomo huhesabiwa kwa krediti: kila somo lililofaulu huwa na uzito wake, na uzito huo huweza kubebwa na mwanafunzi kutoka chuo kidogo hadi chuo kikubwa. Katika jimbo la California mpango mkuu wa mwaka 1960 uliliweka jambo hilo katika sera: asiyepata nafasi katika chuo kikuu cha jimbo mara moja alianzia chuo cha wilaya kwa miaka miwili, na kama akifanya vizuri humo alihamia chuo kikuu. Mfano unaojulikana duniani kote ni wa mtoto wa mmoja wa Wakenya waliokwenda kusoma Marekani mwaka 1959. Barack Obama alianza katika Chuo cha Occidental huko Los Angeles mwaka 1979, akahamia Chuo Kikuu cha Columbia huko New York mwaka 1981, na kuhitimu huko mwaka 1983. Miaka yake miwili ya Occidental haikupotea.

Njia ya pili ilikuwa karibu zaidi. Mnamo Novemba 1974, Azimio la Musoma katika Tanzania lilibadilisha masharti ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi hakutoka tena moja kwa moja katika kidato cha sita. Alitakiwa kwanza afanye kazi kwa muda, kisha tabia na kazi yake zishuhudiwe na mwajiri na chama. Utaratibu huo ulikuwa na matatizo yake. Watu walihofia upendeleo katika kuandika ushuhuda, na masharti yake yalilegezwa baada ya muda kisha yakaachwa. Lakini kwa muda mfupi nchi jirani ilithubutu kusema jambo ambalo Kenya haikulisema, kwamba alichokifanya mtu baada ya mtihani kina haki ya kuhesabiwa pamoja na mtihani.

Kati ya njia hizi mbili, ya kwanza iliamini kazi ya darasani na ya pili iliamini kazi ya jamii. Kenya iliendelea kuamini cheti. Sababu zake hazikuwa za kijinga. Katika nchi yenye makabila mengi, nafasi chache na tuhuma nyingi za upendeleo, mtihani wa taifa ulionekana kuwa kitu pekee kisichokuwa na ndugu. Mzazi wa Kajiado aliyeogopa kwamba nafasi ya mwanawe itatwaliwa na mtoto wa mkubwa alikuwa na sababu ya kuutaka mtihani uamue.

Vyuo vyaja Kitengela

Kwa muda mrefu, basi, msomi wa Kajiado alikuwa ni mtu aliyeondoka. George Saitoti, aliyekuwa mbunge wa Kajiado Kaskazini kuanzia mwaka 1988 hadi alipofariki mwaka 2012, alisoma Shule ya Upili ya Mang'u, akapata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Brandeis huko Marekani na ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Warwick huko Uingereza, kisha akafundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuna hata moja ya vituo hivyo lililokuwamo ndani ya Kajiado.

Hali hiyo imegeuka katika miaka ya karibuni. Kitengela, ambayo wenyeji wengi bado huijua kwa jina la Noonkopir, ilikuwa kituo kidogo cha biashara kando ya barabara ya Namanga, katikati ya malisho ya Wamaasai wa Kaputiei na njia ya wanyama wanaotoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1990 eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likaanzishwa Athi River, karibu kabisa na hapo. Ardhi ilianza kuuzwa, wafanyakazi wakaja, nyumba zikapanda. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji huo, katika kaunti yenye watu 1,117,840.

Pamoja na watu vilikuja vyuo. Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, kilichopata hati mwaka 2002, kipo Ongata Rongai. The East African University ipo Kitengela. Umma University ipo Kajiado mjini. Na Taasisi ya Mafunzo ya Kiufundi ya Masai ipo Kajiado vilevile. Kwa mara ya kwanza katika historia, kijana wa Isinya au Kitengela aliweza kwenda chuoni asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Kwa mara ya kwanza pia vijana wa sehemu nyingine za Kenya walikuja Kajiado kusoma. Kuanzia mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka baadhi ya wanafunzi inaowafadhili katika vyuo vikuu vya binafsi, na hilo likaongeza idadi ya wale waliojikuta katika chuo ambacho pengine hawakukitaja mwanzo katika orodha yao.

Hapo ndipo swali la uhamisho linapopata uzito mpya. Zamani mtoto wa Kajiado alihama kwa sababu hapakuwa na chuo. Leo chuo kipo, naye bado anataka kuhama, kwa sababu kozi anayoitaka, kama vile udaktari, sheria au uhandisi, iko Nairobi, Kenyatta, Moi au Jomo Kenyatta. Kutoka Kitengela hadi katikati ya Nairobi ni mwendo wa kilomita 30 hivi. Umbali wa barabara umekwisha. Umbali uliobaki ni wa masharti.

Utaratibu wa sasa

Masharti hayo ni haya. Mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ndio unaoamua nani anastahili shahada, na daraja la chini ni C+. Hadi kuanzishwa kwa shirika la KUCCPS chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, uteuzi ulifanywa na kamati ya pamoja ya vyuo vikuu iliyojulikana kama JAB. Siku hizi kila mtahiniwa hupewa pointi za klasta, zinazokokotolewa kwa masomo manne yanayohusiana na kozi pamoja na jumla ya alama za masomo saba, na upeo wake ni 48. Kila kozi ya kila chuo hupata kiwango cha chini kila mwaka, ambacho ni pointi za mtu wa mwisho kukubaliwa.

Baada ya majina kutangazwa hufunguliwa muda maalumu wa kuomba uhamisho kutoka chuo hadi chuo. Mwombaji huingia katika mtandao, huchagua kozi, hulipa ada, na hungojea kibali cha chuo anachokiendea na cha kile anachokihama. Lakini sharti lililo juu ya yote ni kwamba awe amefikia kiwango cha chini cha kozi hiyo kwa mwaka ule ule alioteuliwa, na nafasi iwepo. Sharti hili likitazamwa kwa makini litaonekana kuwa ni la ajabu kidogo. Kwa kawaida anayeweza kuhamia kozi hiyo ni yule ambaye angeweza kuteuliwa mwanzoni kama angeliichagua. Asiyeweza kuteuliwa hawezi kuhama pia. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Chukuliwe mfano wa kukisia. Msichana aliyesoma shule ya kutwa karibu na Isinya alipata B-, akapelekwa chuo kikuu kilichopo Kajiado kusomea sayansi ya jamii, naye alitamani sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baada ya mwaka mmoja amekuwa wa kwanza katika darasa lake. Dirisha la uhamisho lililokuwa limefunguliwa kwake lilifungwa kabla hajafanya mtihani hata mmoja wa chuo. Hata lingekuwa wazi, utaratibu haumwulizi amefanya nini. Humwuliza alipata nini katika kidato cha nne, katika shule ambayo pengine haikuwa na walimu wa kutosha. Kwa kazi yake ya mwaka mzima hana pa kuipeleka, kama vile Ole Njogo hakuwa na mahali pa kuupeleka mkataba wake. Mambo hayo mawili hayalingani kwa ukubwa wa dhuluma. Yanalingana kwa umbo: palipoandikwa uamuzi, hapakuandikwa mlango wa kuujadili.

Yako mapito ya pembeni. Kuanzia mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo ya sambamba kwa wanaojilipia, na wengi waliokuwa na C+ au zaidi waliingia kozi walizozitaka kwa njia hiyo. Hiyo ilikuwa kuhama kwa mfuko, nao mfuko wa mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame haukutosha. Pito hilo lilidhoofika baada ya mwaka 2016, usimamizi wa mtihani ulipokazwa na waliopata C+ au zaidi wakashuka hadi chini ya 90,000, serikali ikaweza kuwateua wote. Pito la pili ni la stashahada, ambalo humchukua mtu miaka zaidi lakini huiheshimu kazi yake. La tatu ni la krediti. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zinaruhusu chuo kumtambulia mwanafunzi masomo aliyoyafaulu kwingine, mradi yawe chini ya nusu ya programu. Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Sifa za Kitaaluma ya mwaka 2014 nayo ilikusudia krediti zihesabiwe na kubebeka. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili mwanafunzi aweze kuvuka mipaka na masomo yake kutambuliwa. Kwa maneno mengine, yale yaliyovunjwa mwaka 1970 yameanza kutafutwa tena, safari hii pamoja na kile kilichokosekana wakati ule.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uhamisho wa mwanafunzi katika Kenya umebeba historia ndefu kuliko umri wa ofisi zinazousimamia. Mtihani wa kuchuja ulianza katika shule za ukoloni, ukathibitishwa na London, ukapita katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kukaa katika hesabu za pointi za klasta. Kwa wakati wake ulikuwa ngao dhidi ya upendeleo, na ngao hiyo haifai kutupwa. Lakini ngao haitoshi kuwa kipimo cha mtu kwa maisha yake yote. Vyuo vya Kitengela na Kajiado vitabaki kuwa vyumba vya kungojea mradi kazi inayofanywa ndani yake haihesabiki nje yake. Vikitambuliwa kwa krediti kamili, vitakuwa vyuo kwa maana kamili, hata kwa mwanafunzi asiyetaka kuhama kamwe.

Kwa wanaoshughulika na lugha kuna kazi ya kufanya pia. Vijitabu vya maelekezo, masharti na kanuni za vyuo vya Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na mzazi wa Kajiado huelezwa na mwanawe kile ambacho mwanawe mwenyewe amekielewa nusu. Istilahi za udahili, krediti, kiwango cha chini na utambuzi wa masomo zimekuwa zikitumika Tanzania kwa miaka mingi, lakini katika Kenya bado hazijapata makao katika ofisi. Istilahi zikisanifishwa, na maelekezo yakaandikwa kwa Kiswahili na, kwa Kajiado, kwa Kimaa pia, walau mwombaji na mzazi wake watajua wanaomba nini. Pengine watatambua pia kwamba wanachokitaka hasa si kuhamishwa. Wanataka kuhama, na kwamba kile alichojifunza mtoto njiani kihame pamoja naye.